UZI: Masta ya informatiki hapa Lubumbashi. Kabla ya kuchagua mada ya mtindo, jiulize utaipimaje

#1 MtuWaKatuba

Bandugu, salamu toka Lubumbashi.

Tangu nilipotetea memuari (tasnifu) yangu ya masta, vijana wa lisansi ya tatu wananiandikia karibu kila wiki, na swali ni lilelile: "Yaya (kwetu ni kaka au dada mkubwa), nichukue mada gani? Akili bandia, usalama wa mitandao, ama haya mambo ya klaudi, kukodi seva za mbali kwa intaneti? Ni ipi iko na kazi?" Swali ni la haki. Mzazi amejinyima ili ulipe fre za chuo, huwezi kuchagua mada kama mtu anayechagua rangi ya shati. Nimeona niandike mara moja, kwa urefu, kila mtu asome. Nitajaribu Kiswahili cha vitabu ili hata wa Dar, Mombasa na Bujumbura wafuate, lakini Kiswahili chetu kitaingia pia, maana ndicho kilichonifundisha zaidi ya kozi yoyote niliyosoma.

Kwanza, kwa wasio wa Kongo. Zamani kwetu mtu alisoma gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vimeingia mfumo wa LMD: lisansi miaka 3, masta miaka 2, halafu udaktari. Semesta moja ni kredi 30, kwa hiyo masta nzima ni kredi 120. Angalieni jambo hili, linaumiza wengi: neno "lisansi" limebaki lilelile, ila la zamani lilibeba miaka 5 na la sasa linabeba 3. Mkubwa wa kazi aliyesoma zamani anatazama karatasi yako na kuuliza mbona umemaliza haraka. Hiyo ni sababu mojawapo ya wengi kukimbilia masta, na siwalaumu.

Sasa kosa langu. Nilianza masta wakati kila mtu alikuwa anazungumza habari za ChatGPT, iliyotoka mwezi wa kumi na moja 2022. Darasani kwetu karibu wote tuliweka "akili bandia" kwenye kichwa cha mada. Mimi nilisema nitatabiri bei ya kobalti. Nani angenikataza? Nchi yetu inatoa zaidi ya 70% ya kobalti ya dunia, malori yanashuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, usiku na mchana, na bei za miaka ya nyuma zinapatikana kwenye intaneti. Nikakusanya bei za kila siku, nikafundisha modeli, yaani programu inayojifunza kutoka data, nikachora grafu. Mstari wa modeli ulishikana na mstari wa bei kama nguo na uzi wake. Nikawa naionyesha kwenye simu kwa kila niliyekutana naye.

Direkta wangu, msimamizi wa memuari, aliitazama ile grafu muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akauliza: "Mtu akikuambia tu kwamba bei ya kesho itakuwa kama ya leo, atakosea kwa kiasi gani?"

Sikuwa nimepima. Nikarudi nyumbani, nikaandika mistari michache ya programu kwa Python, nikalinganisha. Kanuni ile ya kitoto, kesho ni kama leo, ilikosea kidogo kuliko modeli yangu. Kumbe modeli ilikuwa imejifunza kunakili bei ya jana na kuisogeza mbele siku moja, ndiyo maana mistari ilionekana kushikana. Miezi mitano ya kazi.

Nikang'ang'ana bado, nikidhani nikiongeza data itapona. Halafu tarehe 22 mwezi wa pili 2025 serikali ikasimamisha kusafirisha kobalti nje ya nchi kwa miezi minne. Bei, iliyokuwa imelala chini muda mrefu, ikaruka. Modeli yangu ikaendelea kuchora mstari wake mtulivu, kwa sababu katika bei zote nilizoilisha hapakuwa na siku ambayo mtu alisaini karatasi Kinshasa na soko likageuka. Baadaye katazo likaongezwa, na kuanzia mwezi wa kumi mwaka uleule ukaja mfumo wa kota, yaani kiwango cha juu cha kusafirisha. Hakuna hata kimoja cha hivyo kilichokuwa ndani ya namba zangu.

Nikaitupa ile mada. Kilichofuata nitakieleza chini, kama kuna wanaofuatilia.

#2 MwanafunziL3

Yaya, tunafuatilia. Mimi niko lisansi ya tatu hapahapa Lubumbashi, na nilikuwa tayari nimeandika mada ya kutabiri bei ya shaba. Nimenyamaza kwanza. Ulichukua nini badala yake?

#3 MtuWaKatuba

Ndugu, usiogope, ni afadhali unyamaze sasa kuliko mbele ya juri.

Nilichukua kitu kilichokuwa kando yangu miaka yote. Dada yangu ana kabini ya kutuma na kupokea pesa kwa simu, mwavuli mmoja na kiti cha plastiki, upande wa komuni ya Kenya. (Wa Nairobi msishtuke, Kenya ni komuni, yaani sehemu moja ya mji, ya Lubumbashi.) Kazi yake inapita kwa sauti. Wateja anaowajua wanamrekodia ujumbe kwenye WhatsApp: mtumie fulani kiasi fulani, nitakulipa jioni. Yeye anasikiliza, anatuma, kisha anaandika kwenye daftari. Jioni anakaa na daftari na simu, anarudia kusikiliza sauti zote kuhakikisha hesabu zinalingana. Siku nyingine ni saa mbili za kurudia sauti, mgongo unamuuma, watoto wanasubiri chakula.

Nikajiuliza: mashine inaweza kusikiliza hizo sauti na kuandika daftari?

Kuna modeli ya kugeuza sauti kuwa maandishi inaitwa Whisper, ya OpenAI, ilitoka mwezi wa tisa 2022, na unaweza kuipakua bila kulipa. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Sehemu kubwa ni Kiingereza. Lugha nyingine 96, zote kwa pamoja, zimegawana kama saa 117,000. Kiswahili kimo. Lakini ni Kiswahili cha nani? Hata orodha ya kimataifa ya lugha inatutenganisha: Kiswahili cha pwani na sanifu kina alama swh, cha Kongo kina alama swc. Modeli nyingi zinajifunza cha kwanza, kisha zinaletwa kwetu kana kwamba ni kilekile.

Sentensi ya kwanza niliyoijaribu ilisemwa na dada mwenyewe:

"Bantu banakuyaka hapa asubui, minabapatia feza yabo."

Mashine ikaandika:

"Watu wanakuja hapa asubuhi, ninawapatia fedha yao."

Sasa hesabu. Kipimo ambacho watu wa fani hii wanatumia ni kuhesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha kugawa kwa idadi ya maneno yaliyosemwa kweli. Hapo kuna maneno 7. Lililofanana ni moja tu, "hapa". Makosa 6 kwa 7, yaani karibu 86%. Ukisoma hiyo namba peke yake utasema mashine ni kiziwi. Lakini soma sentensi zote mbili. Maana karibu yote imefika.

Nikarudi kwa direkta nikiwa na furaha ya mtu aliyegundua tatizo kubwa. Akaniuliza: "Hilo kosa ni la mashine, ama ni la wewe uliyeandika jibu sahihi? Nani amekuambia *asubui* inaandikwa hivyo?" Kweli, hatuna tahajia moja ya Kiswahili cha Lubumbashi. Mtu mmoja anaandika *bantu*, mwingine *batu*. Hata mimi, kwenye daftari langu la majibu sahihi, neno moja nililiandika kwa namna tatu. Nilikuwa napima mashine kwa rula inayobadilika urefu. Ilibidi nirudi mwanzo, niandike kanuni zangu za tahajia kwenye ukurasa mmoja, kisha nipitie upya kila sentensi. Kazi hiyo ilichukua muda kuliko kufundisha modeli yenyewe, na ndiyo sehemu ya memuari ninayoithamini zaidi.

#4 Msomaji_Dar

Mkuu, uzi mzuri sana, nasoma nikiwa Dar. Ila nina swali. Kama mashine inachukua Kiswahili chenu na kukiandika kwa Kiswahili sanifu, tatizo liko wapi? Si ndiyo faida hiyo? Mteja anaeleweka, daftari linaandikwa vizuri, mambo yanakwenda.

#5 MtuWaKatuba

Karibu ndugu. Swali lako nililiuliza mimi mwenyewe, na jibu liko ndani ya sentensi mbili.

Rudi kwenye ile ya kwanza. "Banakuyaka" si "wanakuja" tu. Ile *-aka* ya mwisho inasema ni desturi, ndivyo wanavyofanya kila siku. Mashine imeikata. Kwa daftari la kabini haina madhara, lakini fikiria daktari anayerekodi mgonjwa akisema kitu kinamuuma mara kwa mara, si leo tu.

Ya pili ni hii, na hii ndiyo iliyonishtua:

"Yaya, unitumie karant sank mil kwa ile namba ya mama."

Kwetu pesa tunazitaja kwa Kifaransa hata tukiwa katikati ya Kiswahili. Karant sank mil ni 45,000. Mashine iliandika sentensi nzima sawasawa, ila ikaliacha neno *karant*. Maneno 10, kosa 1, yaani 10%. Kwa kipimo kile, sentensi hii ni nzuri mara nane kuliko ile ya kwanza. Kwa dada yangu, 45,000 imekuwa 5,000, na jioni hesabu hazilingani, na tofauti inatoka mfukoni mwake.

Unaona? Sentensi yenye makosa 86% haimgharimu kitu. Yenye 10% inamla faida ya siku kadhaa. Hapo ndipo nilipoacha kupima maneno yote kwa uzito mmoja. Nikapima vitu vitatu tu: kiasi cha pesa, jina la anayepokea, na kitendo, kutuma au kupokea. Memuari yote ikageuka. Kichwa kilibadilika, sura ya tatu ikaandikwa upya, hata jedwali la matokeo likawa dogo, lakini kila namba ndani yake nilijua inamgusa nani.

Jambo moja zaidi kwa wanaotaka kufuata njia hii. Sauti ya mtu ni mali yake. Tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 Kongo ina Kodi ya Dijitali, sheria nambari 23/010, na ndani yake kuna sehemu nzima ya kulinda habari binafsi. Mwanzoni nilitaka kuchukua tu zile sauti za wateja zilizo kwenye simu ya dada. Nikaacha. Niliwaomba wenye kabini na wateja waigize mazungumzo yao ya kila siku, kwa majina na namba za kubuni, na kila mmoja alisaini karatasi ya ridhaa baada ya kusomewa kwa Kiswahili. Mama mmoja alikataa, na nikamshukuru. Kusaini kuna maana pale tu ambapo mtu anaweza kukataa.

#6 FundiKolwezi

Nimesoma kimyakimya, acha niingie. Mimi niko Kolwezi, nashughulikia mitandao kwenye kampuni ya mgodi, sitaitaja. Heshima kwa kazi yako, mkubwa, lakini vijana wanahitaji kuambiwa na upande huu. Kwenye migodi hakuna anayeniuliza juu ya modeli za lugha. Wanachotaka ni mitambo isisimame. Zamani mtandao wa ofisi na mtandao wa mitambo ilikuwa dunia mbili, haijuani. Sasa mabosi wanataka kuona tani za leo kwenye skrini iliyo ofisini, hata nje ya nchi, kwa hiyo tumeziunganisha. Na kompyuta zinazoongoza mitambo ni za zamani, hatuthubutu kuzigusa.

Nina CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco. Inaisha kila miaka 3, lazima nifanye mtihani tena au nikusanye pointi. Nauliza kwa nia njema kabisa: miaka 2 ya masta itanipa nini ambacho cheti hakinipi?

#7 MtuWaKatuba

Mkubwa wa Kolwezi, karibu. Nitasema ukweli: kama kijana anatafuta kazi ya mtandao mwezi ujao, CCNA itamsaidia haraka kuliko masta. Sitamdanganya mtu hapa.

Lakini wewe umekalia mada nzuri kuliko zote zilizotajwa kwenye uzi huu. Hiyo mitambo yako mingi nadhani inazungumza Modbus. Ni lugha ya mashine ya mwaka 1979. Ilitengenezwa wakati ambapo waya ulitoka chumba kimoja kwenda kingine, kwa hiyo haina nywila wala namna ya kuuliza "wewe ni nani?" Anayefika kwenye waya anaweza kuamuru pampu izime, na pampu itatii. Stuxnet, kirusi cha kompyuta, ilionyesha dunia mwaka 2010 kwamba mitambo isiyounganishwa na intaneti nayo inafikika, kwa fleshi tu iliyochomekwa na mtu. Na hatari haitoki kwa adui peke yake. Tarehe 19 mwezi wa saba 2024 faili moja mbovu kwenye sasisho la kampuni ya usalama, CrowdStrike, iliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5 duniani. Ndege zilibaki chini. Hakuna aliyeshambulia. Ndiyo sababu nakubaliana nanyi mnapoogopa kugusa zile za zamani. Ila "tusiguse" si mpango.

Sasa tazama. Watu wa ofisini mtandao wao hautabiriki: leo mtu anatazama video, kesho anatuma faili kubwa. Mitambo haiko hivyo. Kifaa kimoja kinamuuliza mwenzake swali lilelile kila baada ya sekunde kadhaa, mchana na usiku. Kwa hiyo kitu kigeni kikiingia kinaonekana kama mgeni kwenye mazishi ya familia. Memuari yako ni hii: rekodi mazungumzo ya kawaida ya mitambo kwa wiki kadhaa, eleza "kawaida" ni nini, kisha onyesha mbinu yako inagundua nini na inapiga kengele ya uongo mara ngapi kwa zamu moja. Hiyo ya mwisho ndiyo kipimo. Kengele ikilia bure mara ishirini usiku, fundi wa zamu ataizima, na umefanya kazi bure.

Masharti mawili. Upate ruhusa ya maandishi. Na usiwahi kutuma programu za kupekua mtandao kwenye mitambo inayofanya kazi, maana vifaa vya zamani vinaweza kuanguka kwa kuulizwa tu. Sikiliza, usiulize. Nakili trafiki kwenye swichi na uichambue mezani kwako.

Cheti kimekufundisha kuufanya mtandao ufanye kazi. Miaka miwili hiyo itakupa nafasi ya kusema, mbele ya watu watakaokubishia, kwa nini njia yako ni bora kuliko nyingine na kwa kiasi gani. Kwenye mkutano wa kununua mfumo wa mamilioni, huyo ndiye anayesikilizwa.

#8 DadaBukavu

Habari zenu kaka na dada. Niko Bukavu, hali ya mji wetu mnaijua. Mimi ninasoma masta hivyohivyo, kwa subira. Shida yangu haiko kwenye mada, iko kwenye vifaa. Kompyuta yangu ina kumbukumbu ya giga 8 na haina kadi ya michoro. Umeme unaenda unarudi. Mega za intaneti ni ghali. Kaka, ulifundishaje modeli katika hali hiyo? Msitufiche, maana mara nyingi mtu anaeleza matokeo na kuruka hapo.

#9 MtuWaKatuba

Dada, pole sana, na hongera kwa kuendelea. Sitaruka.

Kompyuta yangu ni kama yako. Sikufundisha kitu juu yake. Nilitumia tovuti ya Kaggle, ambayo inatoa kadi ya michoro bure kama saa 30 kwa wiki, na Google Colab pale saa zilipoisha. Colab ya bure hukupa mara nyingi kadi ya T4 yenye giga 16, lakini ukikaa kimya inakutoa. Hapa kwetu delestaji (kukatwa umeme kwa zamu) ikipita, modemu inakufa, ukurasa unakatika, na kama hukuhifadhi, umepoteza. Mara ya kwanza nilipoteza usiku mzima. Kuanzia hapo nilipanga programu ihifadhi nakala kwenye Drive kila baada ya hatua 200, na ianze pale ilipoishia, si mwanzo. Andika hiyo sehemu ya programu kabla ya kitu kingine chochote. Kabla hata ya modeli.

Pili, usifundishe modeli nzima. Kuna njia iliyotoka 2021 inaitwa LoRA: unaiacha modeli kama ilivyo, unabandika pembeni matriki mbili nyembamba kwenye kila tabaka ulilochagua, na unafundisha hizo tu. Faili la mwisho linakuwa megabaiti chache badala ya magiga. Kwa mtu anayelipia forfe (bando), hiyo ndiyo tofauti ya kumaliza na kutomaliza. Nilikuwa natuma kazi yangu kwa direkta kwa WhatsApp.

Tatu, data ipakue mara moja tu, usiku, mahali penye mtandao, kisha uibane. Sauti zangu niliziweka kwenye kilohezi 16, mkondo mmoja, maana Whisper yenyewe inasikia kwa kiwango hicho. Kutuma sauti nzito zaidi ni kulipia kitu ambacho modeli itakitupa. Sauti za wazi za Kiswahili zipo kwenye Common Voice ya Mozilla, unaweza kuanzia hapo ukiongeza za Bukavu. Kiswahili chenu si chetu kabisa, na ningependa sana kuona mtu akipima tofauti hiyo.

Juu ya intaneti yenyewe, waya wa baharini wa WACS ulifika Muanda 2013, upande wa pili wa nchi, na sisi wa huku tuko mbali nao. Mwezi wa tatu 2024 nyaya kadhaa zilikatika karibu na Abidjan kwa wakati mmoja, WACS ukiwemo, na nchi nyingi za magharibi zikabaki gizani. Mwezi wa tano 2025 Starlink ilipata leseni Kongo, kwa hiyo njia zinaongezeka, kwa mwenye uwezo. Mimi programu ya dada niliijenga ifanye kazi bila mtandao kabisa. Modeli ndogo inakaa kwenye simu, daftari linaandikwa kwenye simu, mtandao ukirudi linapatanishwa. Wahandisi wa nchi nyingine wanaliona hilo kama nyongeza. Kwetu ndio msingi wa nyumba.

#10 Msomaji_Dar

Nimeelewa kuhusu ile *karant*. Asante mkuu, nimebadilisha mawazo. Na klaudi je? Hapa kila tangazo la kazi linataka klaudi.

#11 MtuWaKatuba

Nitapita haraka hapo, wengi wanaijua kuliko mimi. Seva zimesogea karibu nasi: Microsoft walifungua Johannesburg 2019, Amazon Cape Town 2020, Google Johannesburg 2024. Sauti au data toka Lubumbashi haihitaji tena kwenda Ulaya na kurudi. Kwa hiyo ndiyo, jifunze, kazi zipo. Ila kama ni mada ya masta, "kuhamisha mfumo wa kampuni kwenda klaudi" ni ripoti ya kazi, si utafiti. Uliza badala yake: kwa kampuni ya watu 30 yenye umeme unaokatika, gharama ya mwezi ni kiasi gani kwenye klaudi na kiasi gani kwenye seva ya chumbani, ukihesabu mafuta ya jenereta? Hapo unachukua bili za kweli na unapima. Sijaona mtu aliyefanya hivyo kwa mji wetu, na ningeisoma kazi hiyo usiku huohuo.

Kuhusu wasaidizi wa akili bandia wa kuandika programu, najua kuna hofu kwamba kazi za vijana zinakwisha. Hofu ina msingi. Mistari ya kawaida mashine inaiandika. Mimi nilipokea toka kwayo programu ya kuhesabu makosa iliyokuwa na kosa dogo: ilikuwa inagawa kwa idadi ya maneno ya mashine badala ya maneno yaliyosemwa. Matokeo yalipendeza sana. Niligundua kwa sababu nilikuwa nimehesabu sentensi kumi za kwanza kwa kalamu. Fanyeni hivyo daima, sentensi kumi kwa kalamu.

#12 MwanafunziL3

Yaya, nimefikiri siku mbili. Ninaleta mada, unihukumu: "Kufuatilia mifuko ya kobalti kwa blokucheni toka shimoni hadi Kasumbalesa."

#13 MtuWaKatuba

Umesogea, ndugu. Sasa kuna mfuko. Kuna njia. Kuna mahali pa kuanzia na pa kuishia.

Swali langu ni moja. Mfuko unapofungwa kule shimoni, nani anaandika kwamba umetoka shimo hili na si lile? Blokucheni itahakikisha kwamba kilichoandikwa hakibadilishwi. Kama aliyeandika amekosea, au ameambiwa aandike vingine, utakuwa na uongo ambao hakuna mtu anayeweza kuufuta. Kwa hiyo usianze na mnyororo. Anza na yule mwenye kalamu. Anaandika wapi? Kwenye karatasi? Karatasi hiyo inanakiliwa mara ngapi kabla ya kufika mpakani, na kila ikinakiliwa, namba ngapi zinabadilika?

#14 MwanafunziL3

Hiyo ya mwisho naweza kuihesabu. Mjomba wangu ni deklaranti (wakala wa forodha) Kasumbalesa, ana masanduku ya karatasi za zamani ambazo ameruhusiwa kutunza. Nitamuomba ruhusa, nifiche majina na namba za magari, nilinganishe nakala ya kwanza na ya mwisho.

#15 MtuWaKatuba

Chukua karatasi hamsini kwanza, ufanye kwa mkono. Andika kanuni zako kabla ya kufungua sanduku: kosa ni nini, na tofauti ya herufi tu inahesabiwa ama hapana. Ukifika ya hamsini, nitumie jedwali, hata kama ni picha ya daftari. Nitakuwa macho baada ya saa tatu usiku, umeme ukiwepo.